Udugu Usiotajwa Njia Hupotea

Katika matanga ya mzee mmoja wa Murungu, Wilaya ya Kibondo, nilimwona mgeni mwenye mvi akisimama uani na mfuko mdogo mkononi. Alikuwa amesafiri kutoka Muheza, mkoani Tanga. Alipoulizwa yeye ni nani katika nyumba ile, alijibu kwa unyenyekevu kwamba marehemu alikuwa baba yake mdogo. Wafiwa walitazamana. Hawakuwa wamepata kumsikia. Wengine walidhani ni laghai aliyesikia habari za shamba la marehemu. Wengine walimwonea huruma mtu mzima aliyetoka mbali kiasi kile. Kijana mmoja akasema waziwazi lililokuwa mioyoni mwa wengi: "Baba mdogo ni mtu yeyote. Hata dereva wa basi mimi humwita baba mdogo."

Neno lile lilikuwa kali, lakini halikuwa uongo. Mgeni alikuwa ametaja jina la udugu, lakini hakuwa ametaja njia yake. Ndipo bibi kizee mmoja aliposogea karibu naye, akamuuliza maswali matatu tu. Mama aliyemzaa baba yako aliitwa nani? Alitoka upande gani alipokuja kuolewa? Kaka yake alikuwa nani? Mgeni hakuijua vyema orodha ya wazee wa ukoo wake, lakini jina la bibi yake alilijua, na jina la kaka wa bibi pia, kwa kuwa ndiye aliyemsindikiza baba yake siku alipoondoka kwenda kwenye mkonge katika miaka ya 1950. Bibi kizee akapiga makofi. Kaka yule alikuwa baba yake mwenyewe. Shangazi yake alikuwa ameolewa katika nyumba ile ile ya matanga. Basi baba wa mgeni na marehemu walikuwa watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali. Mgeni akapewa mahali pa kuketi, na miongoni mwa wafiwa, si miongoni mwa wageni.

Nimelisimulia jambo hili kwa sababu linatuonyesha kasoro tuliyo nayo wengi wetu. Siku hizi wako vijana wengi, wa Kibondo na Kasulu na wa kwingineko, wanaotaka kujua asili ya koo zao. Huchukua daftari, wakaenda kwa mzee, wakauliza: "Huyu ni nani kwetu?" Mzee hujibu: "Huyo ni babu yako." Kijana huandika "babu", akafunga daftari, akaondoka ameridhika. Kwa hakika hajaandika kitu. Ameandika namna ya kumwamkia mtu yule. Hakuandika namna walivyozaliwa.

Yafaa tuelewe vizuri kazi ya maneno yetu ya udugu. Hayakutungwa ili kuchora ramani ya vizazi. Yalitungwa ili kumfundisha mtu adabu na wajibu: nani ale naye, nani amwonee haya, nani ataniane naye, nani amtegemee akifiwa na wazazi. Ndugu wa baba anaitwa baba kwa kuwa baba akifa yeye ndiye atakayelea. Watoto wake ni ndugu zako, si watu wa pembeni. Kwa malezi hilo ni jambo la hekima kubwa. Kwa mtafiti wa nasaba, lakini, neno moja "baba" laweza kuwaficha watu wanne au watano: aliyekuzaa, kaka yake, mdogo wake, mtoto wa baba yake mkubwa, na hata mzee aliyechanjiana damu na baba yako.

Neno "babu" ni pana zaidi. Laweza kuwa baba wa baba, baba wa mama, ndugu zao wote, au mzee yeyote wa kijijini. Neno "ndugu" nalo, tangu siku za kupigania Uhuru, limekuwa la kila raia. Ni jambo jema, na lilitujengea moyo wa umoja. Lakini neno lililo la watu wote haliwezi kumtambulisha mmoja. Hata "binamu", tunalolitumia bara kwa mtoto wa shangazi au wa mjomba, asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni mtoto wa ndugu wa baba, yaani yule yule ambaye sisi hatumwiti binamu kamwe, bali ndugu. Iwapo watu wawili walioketi kwenye mkeka mmoja waweza kulitumia neno moja kwa watu wawili tofauti, itakuwaje kwa mjukuu atakayelisoma neno hilo peke yake baada ya miaka hamsini?

Huenda msomaji akauliza: mbona wazee wetu waliishi bila madaftari, na hawakupoteana? Jibu ni kwamba wazee wetu walikuwa na ardhi iliyowakumbusha. Katika nyanda za juu za Buha watu waliishi wametawanyika juu ya vilima, kila kilima na kaya zake. Alikuwapo mteko, mlinzi wa ardhi na mambo yake ya kimila, ambaye alijua nani alifika lini na amepewa sehemu ipi. Ukisema "yule wa mteremko wa pili, nyuma ya mto," umekwisha kumtaja na baba yake. Udugu haukuhitaji kuandikwa kwa sababu ulikuwa ukionekana kwa macho.

Kisha ardhi ile ikaachwa, mara moja na mara ya pili na ya tatu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaanzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na wanaume wa Kasulu na Kibondo wakachukuliwa kwa wingi kwenda Tanga na Morogoro. Wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Na wako waliorudi, na wako waliooa huko huko na kuzikwa huko. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na kaya zilizokuwa vilimani zikashushwa na kupangwa katika vijiji kando ya barabara. Kijiji kilileta shule na zahanati karibu. Lakini kilimtenga mtu na kile kilima kilichokuwa kitabu chake cha ukoo. Mwaka huo huo, na tena mwaka 1993 na mwaka 2015, machafuko ya Burundi yakawavusha mpaka maelfu ya watu wenye lugha iliyo karibu sana na Kiha na majina yanayofanana na yetu.

Ni dhahiri, basi, kwamba kumbukumbu iliyoegemea mahali haiwezi kusimama baada ya mahali kuondolewa. Hatuna budi kuipa egemeo jingine. Egemeo hilo ni kutaja njia: fulani alizaliwa na fulani na fulani, ambaye alizaliwa na fulani na fulani, hatua kwa hatua, bila kuruka.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1898 daktari mmoja Mwingereza, W. H. R. Rivers, alifika katika visiwa vya Mlangobahari wa Torres, kati ya Australia na Guinea Mpya, akakuta watu ambao maneno yao ya udugu yalikuwa mapana kama yetu. Aliamua kuyaweka kando maneno yote isipokuwa machache: baba, mama, mtoto, mume na mke. Tena alihakikisha kwanza kwamba aliyetajwa kuwa mama ndiye hasa aliyembeba mtoto tumboni. Kwa maneno hayo machache aliweza kuandika nasaba za visiwa vizima. Baada ya hapo ndipo alipouliza: na huyu, wewe humwita nani? Hapo jina la udugu lilipata maana, kwa sababu njia ilikuwa imekwisha kujulikana.

Nasi twaweza kufanya hivyo, tena kwa wepesi zaidi, maana lugha tunaijua. Mzee akisema "ni ndugu yangu", tuulize: ni wa tumbo moja? Ni wa baba mmoja na mama mbalimbali? Au ni wazazi wenu ndio waliozaliwa pamoja? Tukishapata jibu tuhesabu ngazi: tupande kutoka kwa mtu wa kwanza mpaka kwa mzee wao wa pamoja, kisha tushuke mpaka kwa mtu wa pili. Watoto wa ndugu wawili wako ngazi nne: mbili za kupanda na mbili za kushuka. Na tuseme mzee mmoja ni babu yako, lakini kwa mwenzako ni baba wa babu, na wote waliopo katikati ni wanaume. Utapanda ngazi mbili na kushuka tatu. Baba yako na babu wa mwenzako walizaliwa pamoja. Kwa hiyo wewe ni baba yake mdogo, hata kama yeye ana mvi nawe bado u mwanafunzi. Mara nyingi vijana hucheka wanapoitwa "baba" na mtu mzima. Si mzaha, ni hesabu.

Majina pia yasaidia, lakini kwa wenye uangalifu. Katika nchi za watu wa Ulaya mtafiti hufuata jina la ukoo, ambalo hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto vizazi vingi. Kwetu jina la tatu la mtu kwa kawaida ni la babu yake, na katika kizazi kinachofuata huachwa. Anayefuata jina la mwisho kwa watani wa bahati yake atapotea baada ya vizazi viwili. Lakini majina ya nyanda hizi, kama yale ya jirani zetu wa Burundi, yana habari nyingine ndani yake. Bukuru na Butoyi ni pacha, mkubwa na mdogo. Nyandwi kwa desturi ni mtoto wa saba, na Minani ni wa nane. Basi ukimkuta Minani katika orodha yenye watoto wanne tu, na hakurithi jina hilo kwa mtu mwingine, ujue wako watoto ambao hawakutajwa: waliokufa wachanga, au wasichana walioolewa mbali.

Miaka nayo hupatikana kwa kuuliza matukio. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliingia mwaka 1916 na wakaitawala nchi hii mpaka mwaka 1921, walipowaachia Waingereza. Mzee akisema baba yake alizaliwa wakati wa Wabelgiji, ametupa kipindi cha miaka mitano. Vitabu vya ubatizo vya misheni huandika wazazi wa mtoto, na katika Kanisa Katoliki ndoa ya mtu huongezwa pembeni mwa habari za ubatizo wake. Kwa hiyo msichana aliyeolewa parokia nyingine bado aweza kufuatwa.

Hapa nataka kusema neno juu ya wanawake, maana ndipo tunapopoteza zaidi. Kila mtu ana wazazi wawili, na mababu na mabibi wanne, na waliowazaa hao ni wanane, na waliowazaa hao nao ni kumi na sita. Katika vizazi vinne hao ni watu 30. Orodha ya ukoo tunayojivunia, ile ya baba, babu, baba wa babu na babu wa babu, ina watu wanne. Wale 26 tumewaacha nje, na kati yao wamo wanawake wote waliotuzaa. Yule mgeni wa Muheza hakuokolewa na orodha ya wanaume. Aliokolewa na jina la bibi yake. Daftari lisilo na majina ya akina mama ni nyumba yenye ukuta mmoja.

Wako watu watakaosema kwamba kuchimbua nasaba ni kurudisha ukabila na majivuno ya koo za utawala. Hoja hii tusiidharau. Palikuwa na wakati nasaba ilikuwa hati ya kutawala, katika Heru, Muhambwe na Buyungu kama kwingineko, mpaka cheo cha utemi kilipofutwa kisheria mwaka 1963. Lakini anayetaja njia zote, za wanaume na za wanawake, hupata somo lililo kinyume kabisa na ukabila. Baada ya ngazi tatu au nne humkuta bibi aliyetoka ng'ambo ya Mto Malagarasi, au mjomba wa Burundi, au mke wa Kizigua aliyeolewa kambini mwa mkonge. Anayehubiri damu safi ni yule aliyehesabu watu wanne na kuwasahau ishirini na sita.

Wengine watasema kwamba maswali haya hufukua aibu: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, aliyelelewa akaitwa mtoto wa nyumba, aliyekimbia deni. Ni kweli. Kwa hiyo muulizaji awe na adabu. Si kila kinachoandikwa husomwa hadharani, na aliyelea ni mzazi. Aandikwe kuwa amelea, naye aliyezaa aandikwe kuwa amezaa. Na mwandishi asidhani kuwa kila anachoambiwa ni cha hakika. Watu wa Tiv wa Nijeria waliandikiwa nasaba zao na maofisa wa kikoloni; baada ya miaka kama arobaini, nasaba zilizosimuliwa hazikulingana na zile zilizoandikwa, na Wativ wakashikilia kwamba kosa lilikuwa katika maandishi. Masimulizi hujirekebisha kufuata mahitaji ya waliopo. Kwa hiyo kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyeisema na tarehe, na wazee wawili wakihitilafiana, waandikwe wote wawili.

Je, haya yote yana faida gani kwa mtu anayehangaika na shamba na karo? Yana faida kubwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mtu kuoa au kuolewa na mzazi, babu au bibi, mtoto, mjukuu, ndugu, shangazi, mjomba au mpwa; watoto wa ndugu wawili haikuwataja, bali wameachiwa mila na dini zao. Kanisa Katoliki huwazuia, Uislamu huwaruhusu, na koo nyingi zina miiko yake. Lakini iwe kwa sheria, kwa dini au kwa mila, hakuna awezaye kuamua kabla ya kujua ngazi. Mara ngapi posa imevunjika siku ya mwisho kwa neno la mzee mmoja kwamba "hawa ni ndugu", na hakuna aliyeweza kuuliza kwa njia ipi?

Pili, nyanda hizi zapakana na Burundi. Anayeomba kitambulisho cha taifa au pasi ya kusafiria huenda akaulizwa habari za wazazi wake, na hata za babu na bibi zake. Jina peke yake halimsaidii, kwa sababu jina hilo liko pande zote mbili za mpaka. Lakini mtu awezaye kusema babu yangu alizaliwa kilima hiki, akahamishwa kwa ajili ya malale, akaoa binti wa nyumba ile, na kaburi lake ni lile pale, huyo amebeba ushahidi ambao haufutiki kwa mvua. Raia wa mpakani asingoje kuulizwa mezani pa afisa ndipo aanze kukumbuka.

Tatu ni watoto. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Zaire ya wakati ule, na mwaka 2015 kambi ya Nduta, Kibondo, ilipokea Warundi. Katika kila wimbi la wakimbizi huwamo watoto waliopotezana na wazazi wao, na kuwatafutia jamaa ni mojawapo ya kazi za Msalaba Mwekundu. Mtoto ajuaye tu "baba" na "bibi" ni vigumu mno kumrudisha kwao. Mtoto ajuaye jina la baba, jina la mama na jina la kilima, huyo ana pa kuanzia. Tujiulize: watoto wetu sisi, walio majumbani, je, wanayajua hayo matatu?

Wahenga walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Lakini huwezi kumtafuta siku ya dhiki mzaliwa nawe usiyejua alizaliwa na nani. Kila nyumba na iwe na daftari moja. Jioni moja kila juma, kijana asome na mzee aseme; na mzee akisema "huyo ni babu yenu", kijana asifunge daftari, bali aulize kwa heshima: "Kwa nani, mzee? Na mama yake alikuwa nani?"

Yule bibi kizee wa Murungu hakujua kusoma. Siku ya kuanua matanga, mgeni alimwomba arudie majina yote polepole, akayaandika nyuma ya tiketi yake ya basi, kwa kuwa hakuwa na karatasi nyingine. Yalikuwa majina kumi na moja. Saba kati yake yalikuwa ya wanawake.